Jina la Baba Mkwe Mgongoni

Leo nimejianika. Sikusingiziwa, sikusukumwa na mtu. Nimejianika mwenyewe, kwa mikro, na bafle mbili kubwa za kupaza sauti, mbele ya Ngezi nzima, mtaa wetu hapa Bunia, na lori moja la wageni kutoka Nyankunde.

Naandika haraka kwa sababu najua video iko njiani. Kuna mama mmoja alikuwa amepanda juu ya ukuta na simu yake, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kabla video haijaingia kwenye kundi hili bila maelezo, nisikieni mimi kwanza. Halafu mcheke kwa adabu.

Kwa wasionijua: naitwa Kambale. (Najua, tuko wengi. Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, hakuna majadiliano. Ukiita jina hilo katikati ya soko, nusu ya wauza viatu watageuka.) Mimi ni yule Kambale wa mikro: katibu wa timu yetu ya mpira hapa mtaani, na mtangazaji wake siku za mechi. Kutangaza ndiyo talanta pekee niliyopewa. Kucheza nilijaribu, wakaniomba niache.

Timu yetu iliitwa Roketi. Jina hilo walilitoa wakubwa wetu zamani, wakati roketi kwetu ilikuwa kitu cha kwenda mwezini. Baadaye vita vikaja, tukazijua roketi nyingine, lakini timu ikabaki na jina lake, maana nani atakaa kikao cha kubadili jina la timu wakati watu wanakimbia? Basi mwaka huu amani imerudi nusu, uwanja umefyekwa, na sisi tukashinda mechi. Moja! Mashabiki wakatoka uwanjani mbio, wakashuka barabarani wakiimba: "Roketi! Roketi! Roketi inakuya!" Kina mama wa soko la jioni hawakuuliza roketi ipi. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilimwagika, nyanya zilikanyagwa, na watu wakajifungia parokiani mpaka padri alipotoka kuwaeleza kwamba ni bao mbili kwa moja.

Kesho yake chefu wa mtaa akatuita.

"Siye hatukatazi mupira," akasema. "Lakini ile jina, hapana. Mutafute ingine, mbele ya batu bafe na presha."

Tukakaa kikao kwa Mama Prezida. Huyu ni mama mwenye kuuza makayabo, wale samaki wa chumvi, na ndiye rais wa timu kwa sababu ndiye pekee mwenye sauti inayovuka uwanja. Mmoja akasema tuchukue jina la mto. Mwingine akauliza, "Ule muto uko kwa nani?" Tukamiminiana chai. Mwingine akasema jina la mlima. "Mulima gani? Na nani analima pale?" Tukakoroga sukari. Bunduki zimenyamaza, ndiyo, lakini masikio bado hayajalala, na kwetu kila kilima kina wenyewe. Tulikunywa chai, tukamaliza, hatukupata jina.

Ndipo mimi, Kambale, nikasimama. (Mkinipenda, siku nyingine mkiniona nasimama kwenye kikao, nivuteni shati.)

Nikasema: ndugu zangu, tufanye kama tunavyofanya kwa watoto. Ukimpa mtoto jina la mtu, yule mtu anakuwa ndoyi wake, si ndiyo? Na ndoyi ndiye anayemvika mtoto nguo za kwanza, si ndiyo? Sasa sisi tuko uchi. Tuna maillot nane, fulana za kuchezea, kwa wachezaji kumi na mmoja, mbili zina namba tisa na moja haina mgongo. Tuipe timu jina la mtu mwenye uwezo na mwenye moyo. Yeye ataivika.

Watu wakapiga makofi. Mama Prezida akanikumbatia, nikanuka makayabo siku mbili.

"Lakini nani?" wakauliza.

Nikajifanya nafikiri. Nikatazama dari. Nikasema, polepole, kana kwamba limenijia sasa hivi, jina la mfanyabiashara mmoja wa Mahagi anayeishi hapa Bunia, mwenye lori la maharagwe na samaki wa ziwa, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mzee mwenye tumbo la heshima. Jina lenyewe siliandiki hapa. Mtaelewa kwa nini. Popote nitakapoandika Jina, kwa herufi kubwa, mjue ni la huyo mzee.

Jambo ambalo sikuwaambia kikaoni ni hili: yule mzee ana binti anayeitwa Solange. Mimi na Solange tuna miaka miwili tunapendana, na barua ya kuomba uchumba imeshapelekwa. Jumamosi ijayo wazee wangu wanatoka Butembo kuja kwao kujitambulisha. Kila kitu katika maisha yangu kinangojea ndiyo ya mtu mmoja tu. Basi nikaona nimpelekee ujumbe wa timu nzima kumpa heshima, nami nikiwa mbele na karatasi. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Mzee aliposikia, alivua miwani.

"Nilizaa babinti sita," akasema. "Sita! Nilikuwa nasema jina yangu itaishia na miye. Sasa munanipatia batoto banaume kumi na moja siku moja?"

Akalia. Wallahi alilia, nasi tukalia, hata Mama Prezida. Wiki mbili baadaye maillot zikafika kwa lori lake: kijani, kola nyeupe, mpya kabisa. Na mgongoni mwa kila moja, juu ya namba, kwa herufi kubwa nyeupe, Jina. Kumi na moja, pamoja na za akiba tatu.

Leo ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza. Tuliwaalika Nyankunde, maana barabara imefunguka na watu wanapita, wakaja kwa lori wakiimba tangu mlimani. Nimeamka na furaha ya Krismasi. Nikapiga pasi shati, nikapiga pasi suruali, nikapiga pasi hata kitambaa cha mfukoni.

Saa tano Solange akapiga simu.

"Kambale, Papa amevaa koti ya ndoa yake. Tangu asubui iko mbele ya kioo. Na Shangazi Polina amefika jana toka Mahagi. Uchunge kinywa yako."

"Kinywa yangu ndiyo kazi yangu," nikamjibu kwa maringo.

"Njo maana nakuambia," akasema, akakata.

Saa nane niko uwanjani. Jenereta linanguruma, bafle zimewekwa juu ya meza, nafanya moja-mbili, moja-mbili. Wakafika. Mzee mbele, koti jeusi, kofia mkononi, anatembea kama askofu. Nyuma yake Solange, amependeza mpaka nikasahau kupumua. Na nyuma ya Solange, Shangazi Polina, dada mkubwa wa mzee, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Akachukua kiti chake mwenyewe, akakibeba, akakiweka karibu kabisa na meza yangu.

Nikapiga magoti nusu, nikasalimia kwa mikono miwili.

"Muzuri," akasema Shangazi. "Huyu anajua heshima. Si sawa na ule mukwe yetu wa kwanza."

"Alifanya nini, Shangazi?" (Kwa nini niliuliza? Kwa nini?)

"Aliita ndugu yangu kwa jina. Mu soko, mbele ya batu, eti simu inalia. Mara moja tu. Tulimukalisha mwaka muzima mbele ya kumupatia muke."

"Mwaka mzima!" nikasema, nikitikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wengine hawana malezi."

Na nilisema kweli kutoka moyoni. Kwetu pia mkwe hataji jina la baba mkwe, wala kwa mzaha, wala kwa hasira. Bibi yangu kule Butembo baba mkwe wake aliitwa Katembo. Alipojifungua mtoto wa kiume wa tano, ambaye kwetu lazima aitwe Katembo, hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita "yule wa tano" mpaka yule wa tano alipoota mvi. Mimi nimelelewa na bibi huyo. Mimi najua heshima.

Nikachukua mikro. Wachezaji wetu wakaingia uwanjani mbio, wakageuka kusalimia upande wa pili, wakanipa migongo. Migongo kumi na moja. Nikavuta pumzi.

"Mabibi na mabwana wa Ngezi! Wageni wetu wa Nyankunde! Karibuni kwenye mechi ya leo, kati ya Nyankunde naaaa..."

Nikanyamaza.

Mtaniuliza: Kambale, hukuliona hili likija? Sikuliona! Kwenye vikao tulikuwa tunasema "Muzee". Kwa Solange nasema "Papa". Kwenye barua niliandika, na kalamu haina mdomo. Wiki zote hizo sikuwahi kulitamka hata mara moja. Sasa nimesimama na mikro, mechi ni dakika tisini, Shangazi yuko hatua moja kutoka mezani pangu.

"...naaaa timu ya nyumbani!" nikasema.

Watu wakapiga makofi madogo. Shangazi akaegemea kiti. Nikafuta jasho kwa kile kitambaa cha pasi.

Mpira ukaanza. Nikawa natangaza hivi: "Mpira uko kwa kijani! Kijani anampa kijani mwenzake! Nyankunde wanamnyang'anya... huyo wa kijani!" Dakika kumi za kwanza zilipita. Nikaanza kuamini nitafika salama. Nyankunde wakafunga la kwanza, nikasema, "Nyankunde wamefunga," sikusema wamemfunga nani. Wakafunga la pili. Namba tano wetu akamvuta mtu shati mara ya pili akapewa kadi nyekundu, nikasema, "Namba tano anatupumzisha."

Lakini mashabiki si wajinga. Upande wa ukuta wakaanza: "Taja jina! Taja jina!" Wakapiga bidoni, yale madumu ya maji, kama ngoma. "Ta-ja ji-na!"

Mama Prezida akaja mezani amekunja uso.

"Kambale, uko mugonjwa? Muzee alituvalisha juu jina yake isikilikane. Nusu saa, sijasikia jina!"

Nikamwonyesha Shangazi kwa macho. Hakuelewa. Nikamnong'oneza habari ya mkwe wa kwanza na mwaka mzima. Akaelewa. Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, akarudi kwenye benchi akijishika mbavu.

Mapumziko, Solange akaniletea maji. Akainama karibu.

"Papa anauliza: juu ya nini jina yake haisikilikane?"

"Na Shangazi anasema nini?"

"Shangazi anasema haujakosa bado."

"Sasa nifanye nini, Solange?"

"Weye njo ulileta ile mawazo," akasema, na nikaona anajiuma mdomo asicheke. Kisha akaacha kucheka. "Kambale. Tazama Papa."

Nikatazama. Mzee alikuwa amekaa wima na koti lake la ndoa, kofia juu ya magoti, kichwa amekiinamisha upande wa bafle. Anasikiliza. Tangu saa nane anasikiliza. Nilijisikia vibaya, nisiwafiche. Nikisema nakosa mke, nisiposema namnyima mzee kitu pekee alichokuja kukisikia.

Ndipo akili ikanijia. (Ya pili mwezi huu. Zote mbili zilikuwa za bahati mbaya.)

Nikamwita Mama Prezida asimame kando yangu. Tukapatana: mimi nitangaze, na pakifika mahali pa Jina, nishushe mikro mdomoni mwake, aseme yeye. Yeye si mkwe wa mtu pale. Kipindi cha pili kikaanza.

"Mpira umerushwa, umeshuka, umedakwa naaaa..."

Nikashusha mikro.

"JINA!" akanguruma Mama Prezida.

Uwanja mzima ukalipuka. Bidoni, filimbi, watoto wakiruka. Mzee akasimama. Akasimama, ndugu zangu, akainua kofia juu kabisa, akageuka kulia, akageuka kushoto. Shangazi akatazama mikro, akamtazama Mama Prezida, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu kama tabasamu. Nilikuwa nimepona!

Tukaendelea hivyo. "Anapita mmoja, anapita wa pili, nani huyooo?" "JINA!" Na timu nayo ikapata moto. Wachezaji kumi, ndiyo, lakini walicheza kama kumi na tano. Dakika ya sitini bao la kwanza: "Amefungaaa..." "JINA!" Mzee anacheza, anacheza kwa mabega, na koti lile. Dakika ya themanini kipa wa Nyankunde akateleza kwenye matope. Mbili kwa mbili! Mama Prezida akatupa kiatu juu, hatujakipata mpaka sasa. Nilikuwa nalia kwa furaha. Niliona kila kitu mbele yangu: ushindi, Jumamosi, Solange, watoto.

Dakika tatu zikabaki. Mwamuzi akakataa kutupa penalti moja ya wazi. Na Mama Prezida, badala ya kukaa kando yangu kazini, akaacha meza akaingia uwanjani na kiatu kimoja kwenda kumweleza mwamuzi maoni yake. Hapo hapo mpira ukamfikia Dieume.

Dieume ndiye namba tisa wetu. Akampita beki. Akampita wa pili. Kipa akatoka, akampita kipa! Goli tupu, hatua nne, hakuna mtu. Uwanja mzima umesimama. Na Dieume badala ya kupiga mpira, akasimama. Akageuka. Akatugeuzia mgongo sisi wote, akanyoosha vidole gumba viwili juu ya mabega, kuonyesha lile jina mgongoni, ili ndoyi wake alione vizuri kabla hajafunga.

Mpira ukakwama kwenye matope. Beki wa Nyankunde akaja, akauchukua, akaondoka nao.

Ndugu zangu, sijui nieleze vipi. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mgongo. Yakasoma. Na mdomo ukafuata macho.

"JINAAA! Weye JINA! JINA mupumbavu! JINA, kichwa ya makayabo! Unaringia nini, JINA? Tumbo bure! Mutoe JINA! Mutoe ku kiwanja! JINA ni muzigo, JINA atuachie timu yetu!"

Nane? Tisa? Solange anasema saba. Sina nguvu ya kubishana naye.

Hilo jenereta letu huzima kila robo saa. Leo halikuzima. Sauti ikagonga ukuta wa parokia ikarudi, kwa hiyo kila tusi lilifika mara mbili. Lilipokwisha neno la mwisho, ndipo likazima. Kimya kikaanguka juu ya Ngezi yote.

Nyankunde wakafunga la tatu katika kimya kile. Hakuna aliyeona. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikageuza shingo taratibu. Shangazi Polina alikuwa amevuta kikwembe chake, kile kitenge cha kujitanda, juu ya kichwa, kama mtu aliyefiwa. Solange amefunika uso kwa mikono miwili. Mzee amesimama na kofia yake, haendi mbele wala nyuma. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho (nadhani kwa huruma).

Wakaniita nyuma ya lori la maharagwe. Wakanikalisha juu ya gunia. Mzee akakaa mbele yangu juu ya gunia jingine, Shangazi akakataa kukaa. Mama Prezida alikuwepo pia kama shahidi, na kiatu kimoja. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mikro.

"Mwaka muzima," akasema Shangazi kutoka ndani ya kikwembe. "Ule wa kwanza aliita mara moja. Huyu sijui hata kama miaka inatosha."

Niliteremka kwenye gunia nikapiga magoti chini, kwenye matope, na suruali ya pasi.

Mzee akakohoa.

"Mutoto," akasema, "leo nimeanguka mu matope labda mara kumi na mbili. Nimepigwa tatu. Nimepata kadi nyekundu, miye ambaye hata padri hajanifukuza ku kanisa siku moja. Na mwisho nimetukanwa mu bafle, tumbo yangu pia. Ile kazi ya kuwa timu ni ya nguvu. Siiwezi."

"Papa, unisamehe," nikasema.

"Ngojea." Akavua miwani, akaanza kuipangusa kwa ncha ya koti. "Lakini ile wakati huyu mama alikuwa anaita jina yangu, na batu bote banaitikia, bakubwa na batoto... Nilisikia muzuri, mutoto. Muzuri sana. Imenitosha."

Nikainua kichwa. Solange alikuwa amesimama kwenye kona ya lori, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwaka muzima!" Shangazi akarudia.

"Polina," mzee akasema, "niko karibu na miaka makumi saba. Mwaka muzima nitaitoa wapi?"

Shangazi akateremsha kikwembe mpaka mabegani.

Kisha mzee akatoa hukumu, na hukumu ni hii. Wazee wangu waje Jumamosi kama tulivyopatana. Maillot zibaki kwa wachezaji, maana nguo ya mtoto hairudishwi. Lakini jina lake litoke mgongoni, leo leo, na mahali pake pawekwe jina la mwenye mdomo. Timu itaitwa Kambale. Na Kambale mwenyewe ataendelea kushika mikro msimu mzima, ataje kila kitu, asiruke neno.

"Na jina yangu," akamalizia, "mutairudisha mu nyumba, pahali pa heshima. Mutoto mwanaume wa kwanza."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nikasema ndiyo mara tatu. Ningesema ndiyo hata kama angetaka majina ya watoto wote! Mama Prezida akapiga kelele ya shangwe, Nyankunde wote wakakimbilia nyuma ya lori kuona nani amekufa. Nimepata mke, ndugu zangu! Nimetukana ukoo mzima na nimepata mke!

Ilikuwa tayari jioni tunarudi nyumbani, mimi na Solange, Shangazi akitufuata hatua tano nyuma, ndipo Solange akauliza:

"Sasa ule mutoto, weye utamuita namna gani?"

Nikasimama katikati ya barabara. Mwana wangu wa kwanza, na sitaweza kulitaja jina lake. Bibi yangu huko aliko anacheka mpaka machozi.

Chefu wa mtaa ameshapelekewa jina jipya. Amelikubali papo hapo, amesema Kambale haimtishi mtu. Kwa hiyo mezani hapa nina maillot kumi na nne, mkasi, na vipande vya kitambaa cheupe, na Shangazi Polina amekaa mbele yangu anakagua kila mshono. Mbili amenifumulisha.

Ningemaliza hapa. Lakini dakika kumi zilizopita mlango umegongwa. Nimefungua, nakuta timu nzima, Dieume mbele, wote miguu peku, wamenyamaza kwa adabu, mikono nyuma.

"Jambo Papa Ndoyi," akasema Dieume. "Maillot tuko nazo. Tumekuya juu ya viatu."

Basi msinicheke. Na wewe Kambale unayesoma hapa ukidhani haya hayakuhusu, hasa wewe wa sokoni mwenye meza ya viatu: mtoto ni wa jina lako pia, njoo umvike.